Uso Nilioufunika Mbwajumali

Uso ule niliufunika mwenyewe, kwa mikono hii. Tulimuosha Mwalimu kule kijijini Mbwajumali, katika nyumba ya makuti aliyoishi tangu mimi ni mwari, na ilipofika kumfunika sanda usoni wenzangu wakaniachia mimi, kwa kuwa walijua nilivyokuwa naye. Nikamtazama mara ya mwisho, na lile baka jeusi chini ya jicho la kushoto, nikamfunika, nikasema basi, sasa hakuna kiumbe atakayemuona tena mpaka siku ya kufufuliwa. Najidanganya! Arobaini haijapoa, kijana mmoja akaja mlangoni kwangu hapa Amu na begi mgongoni, akatoa bahasha ngumu, na ndani ya bahasha akanitolea uso ule ule, mchanga, wa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, umefunuliwa waziwazi. "Shikamoo nyanya," akasema. "Huyu unamjua?" Nikamwambia nyanya ni ya kutia mchuzini, mimi aniite Bi Esha.

Kijana mwenyewe jina lake Kelvin, katoka Nairobi, na adabu anayo, sitamsingizia. Alivua viatu, akanywa kahawa yangu chungu bila kukunja uso, akaisifu halua. Kazi yake, alivyonieleza, ni kutafuta vitu vya senema za kale kwa niaba ya watu wa ng'ambo: mikanda, mabango, nguo, hata tiketi iliyochanika. Kuna senema moja ya wanyonya damu, akasema, ya miaka ya hamsini, iliyopigwa hapa Amu na katika magofu ya Manda. Ilipotoka haikupata watu, ikasahaulika, mikanda yake ikaozea maghalani ila nakala moja, na kwa kuwa ilikaribia kupotea ndiyo maana leo watu wazima wenye mvi na wajukuu wanaililia. "Si hadithi yake, Bi Esha. Hadithi yenyewe haina kichwa wala miguu. Ni ule utusitusi wake. Zile kuta, ule moshi, kile kimya." Kuna bwana mmoja huko amejijengea chini ya nyumba yake ukumbi wenye zidaka za ukutani kama za kwetu, akae humo aiangalie. Mwingine ana kipande cha mkanda, urefu wa kidole, na hakishiki ila kwa glavu nyeupe. Na katika senema nzima, kitu wanachokipenda kuliko vyote ni mwanamke wa mavazi meupe anayejitokeza mara moja tu kwenye mlango wa chumba cha giza, akatamka neno lisilosikika, akapotea. Jina lake halimo katika majina ya waigizaji. Wao wanamwita Bibi Mweupe.

Bibi Mweupe, ati! Mtu mzima, binti wa watu, hafizi wa Kurani, wamemgeuza pambo la kutazamwa na wazee waliokosa kazi. Kelvin akaiweka ile picha juu ya mkeka, akasema ni nakala ya siku zile zile, imetolewa kwenye mkanda wenyewe, na itakuwa yangu nikimpa jina tu, jina kamili, la baba na la babu. Wakishalipata wataliandika vitabuni mwao. Na ile nyumba, ambayo sasa ni hoteli ya wageni, wataipigilia kibao mlangoni kusema hapa ndipo aliposimama fulani binti fulani. "Itakuwa heshima kwake," akasema. Heshima! Nilitaka kumwambia atoke. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkeka. Mimi sina picha ya Mwalimu, wala hakuna mtu aliye nayo, maana katika umri wake wote hakuketi mbele ya mpiga picha hata mara moja. Nimeanza kusahau pua yake. Niliitaka ile picha, na hasira zikanizidi kwa sababu niliitaka. Nikamwambia aniachie mpaka kesho, nifikiri. Akaniachia. Jina la marehemu sitaliandika hapa pia, msomaji asilitafute. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyenikalisha mkekani akanifundisha kusoma.

Mwaka ule wa senema nilitiwa ndani. Ndivyo tulivyokuwa: msichana akishavunja ungo, mlango wa mbele kwake hugeuka ukuta, na ndia za mji akazijua kwa masikio tu. Mwaka huohuo Mwalimu akafiwa na mumewe, akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hagusi mafuta wala manukato, haonwi na mwanamume, amevaa bafuta jeupe lisilo na ua wala taraza ya pindoni. Wazee wakaona wafungwa wawili ni heri wale sinia moja. Nikapelekwa nyumbani kwake nimsaidie na nimliwaze, na kusema kweli yeye ndiye aliyeniliwaza mimi, maana nilifika pale nimenuna, sitaki kula, nalilia barabara. Nyumba ilikuwa yake. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu baadaye wanaume walilisahau. Amu baba akimuoza binti humpa nyumba, na hii alipewa yeye: ghorofa ya matumbawe, msana mrefu, ukumbi wa kukaa, uliokabili kiwanda, ule ua wa ndani usio na paa, ambako jua liliingilia, na nyuma ya msana chumba baada ya chumba, kila kimoja na giza kuliko cha mbele yake, mpaka ufike nyumba kati, chumba cha ndani kabisa tunamozaliwa na kuoshewa tukifa. Ukuta wa mbele ya chumba hicho ulijaa zidaka, vishubaka vya chokaa iliyochongwa, kila kimoja na sahani yake ya Kichina.

Kila asubuhi wasichana wa chuo chake cha Kurani walipanda ngazi, wakaketi msanani na marufaa zao za kuwekea msahafu, wakasoma kwa sauti mpaka sahani zikatetema zidakani. Mwalimu hakukatiza masomo kwa ajili ya eda. Alisema kufundisha hakutaki kutoka wala kujipamba. Aliketi mlangoni mwa chumba cha ndani na bafuta lake, hana kitabu mbele yake, na msichana akikosea irabu mwisho kabisa wa msana yeye alimwita kwa jina bila kuinua kichwa. Hakujaliwa mtoto. "Hawa ndio wanangu, Esha," alikuwa akiniambia wakishashuka, huku akikung'uta mikeka. "Mume amekwenda, nyumba hailii. Hawa wakenda, mimi sina kitu." Adhuhuri tulikula mkate wa mofa na samaki wa kuchoma, na jioni uji wa pilipili manga, na wakati wa kula alinipa hadithi za Mitume kwa namna ya umbea, akimsema Firauni kama mtu wa mtaa wa pili. Nilikoma kununa. Nilianza kutaka kuwa yeye.

Bwana Shee, nduguye marehemu, alikuja siku moja akasimama nusu ya ngazi, nyuma ya pazia, akakohoa. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia neno kwa neno. "Shemegi," akasema, "kuna Wazungu wataka nyumba ya tini. Wapija senema." Mwalimu akaweka tasbihi chini. "Senema, nami niko edani?" "Wewe uko yuu, wao wako tini. Hawatakuona. Nami nimeshawakubalia." "Umewakubalia nyumba ya nani, Bwana Shee?" Bwana Shee akakohoa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mbuzi, kwamba mwanamke wa eda haifai kubishana na wanaume ngazini, akashuka zake. Tazama hila hiyo! Angekuwa nje ya eda Mwalimu angejitia buibui akaenda kwa kadhi, na kadhi angemwambia Bwana Shee mbele ya watu kwamba nyumba ya mke hairithiwi na shemeji. Bwana Shee alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliingoja miezi ile ambayo dini imemfunga mwenzake mlango, akaitumia dini kama komeo. Amekufa siku nyingi, Mungu atamlipa kwa alichokifanya, na mimi sina dua ya kumuongezea.

Basi wakaingia tini. Mchana kutwa tulisikia vitu vizito vikiburutwa, kisha mwanamke akipiga ukelele wa kuuawa. Mara ya kwanza niliangusha ungo, mchele wote chini. Kisha tukasikia wanacheka, kisha ukelele tena, vilevile, mara kumi, na katikati yake mtu akiagiza chai. Damu yao waliipika kwa sukari na rangi, ikachemka jikoni kwetu kule tini, ikajaza nyumba nzi. Hilo tulistahimili. Lakini ili wapate moshi walinunua udi na ubani, wakaufukiza kwenye vyetezo kutwa nzima, na ule moshi ukapanda ngazi ukaingia mpaka ndani, kwa mwanamke ambaye sheria imemkataza manukato. Mwalimu alilia siku ile. Alijiziba pua kwa ncha ya bafuta, nami nikakimbia huku na huku nikiziba madirisha kwa leso, na chuo kikasomwa kwa kukohoa. "Wao hawayui," akasema. "Shee ayua." Nje nako mji ukaanza kunong'ona. Zilikuwa siku za uvumi wa mumiani, watu wanaosemwa hukamata watu wakawatoa damu ya kufanyia dawa, na wasichana wakatuletea maneno kutoka makwao: kwamba tini kwetu kuna ndoo za damu, kwamba kuna sanduku la maiti linalofunguliwa mchana. Mwalimu alicheka. Akamtuma msichana mmoja atie kidole kwenye ndoo akaonje. Yule mtoto akarudi anaramba, akaomba nyingine.

Siku za mwisho akaja kwetu mwanamke mmoja wa wale Wazungu. Tulimwita Mama Picha. Alikuwa mke wa mkubwa wao, mwembamba, nywele fupi, kavaa suruali, na mara ya kwanza alipanda ngazi kimya kimya akatutokea msanani tukiwa tunasukana, tukatawanyika kama kuku. Mwalimu alipoona ni mwanamke alicheka mpaka akakaa chini. Akamfundisha, kwa mikono na kwa Kiswahili cha pole pole: "Ukifika ngazini sema hodi. Mara tatu. Ukiitikiwa, ingia, nyumba yako. Usipoitikiwa, rudi utokako." Yule akajifunza. Alijifunza vizuri mno. Akawa anakuja kila siku wakati wenzake wanapumzika, anabisha hodi yake ya puani, anaketi mkekani miguu imemshinda kukunja, anakula mkate wa mofa wetu kwa vidole, anashika bafuta la Mwalimu na kuliangalia penye mwanga. Nilimpenda, wallahi. Nilimpa kungumanga zangu za kuchezea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na sisi tuliokuwa tumefungwa miezi tukaona kweli tumepona.

Siku moja akaja na kisanduku cheusi chenye ufunguo wa pembeni, anauzungusha kama wa saa, kikawa kinalia kama cherehani. Picha tulizijua, hatukuwa wajinga. Mwalimu akamuuliza pale pale: "Hii nayo, nani ataona?" Mama Picha akajipiga kifua. "Mimi. Mimi tu. Mwanamke." Akamshika Mwalimu mkono, akaubusu. Nasi tukaridhika, na asitucheke mtu. Sisi uso tuliufichia jicho la mwanamume. Mwanamke akiwa chumbani ni mwanamke. Tunaoga pamoja, tunavua pamoja, tunasingana, na chombo alichoshika mkononi ni chake, kama kioo chake au chanuo lake. Haikutupitia akilini kwamba mwanamke anaweza kubeba ndani ya kisanduku macho ya wanaume wa dunia nzima, akayapandisha ngazi, akayaketisha mkekani, akayalisha mkate. Hata shetani hatukumdhania hilo.

Na siku yenyewe naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi. Chuo kimetoka, nimebeba sinia, jua la kiwandani limeingia msanani mpaka miguuni pa mlango. Mwalimu alikuwa ndani kabisa, anamaliza sala. Nikasikia hodi ngazini. Akajitokeza mlangoni, bafuta limemteleza kichwani kidogo, mwanga ukampiga uso ghafla akafumba macho nusu, akaona ni nani, akasema, "Karibu. Karibu ndani." Kile kisanduku kilikuwa tayari kinalia. Kisha akageuka akarudi gizani amtolee mgeni kikombe. Basi. Hicho ndicho kilichotokea. Mama Picha akanywa chai yetu ndani ya kikombe hicho, na siku chache baadaye wakafunga mizigo yao wakaondoka, bila hata kutuaga.

Eda ikaisha. Mwalimu akaoga, akatia mafuta, akavaa leso ya rangi, tukapika pilau, wasichana wakala mpaka wakalala mikekani. Nilidhani mabaya yamepita. Mwaka wangu wa kutiwa ndani ulikuwa karibu kwisha, na Mwalimu alikuwa amenisemea nyumbani nibaki niwe msaidizi wake chuoni. Ndipo wakarudi wafanyabiashara wetu wa samli kutoka Mombasa. Walikuwa wamekwenda senema, kama waendavyo wanaume wakiwa mbali na wake zao, na kwenye pazia wakaiona Amu. Uso hawakuujua, wataujuaje? Walichokijua ni nyumba. Waliziona zidaka na sahani za Kichina wakapigana viwiko, ile si nyumba ya fulani waliyokodi Wazungu? Wakasimulia barazani, na baraza ikasimulia vyumbani, na vyumbani wake zao wakauliza, huyo mwanamke yukoje? Mrefu. Na usoni? Ana baka jeusi chini ya jicho. Kwisha. Wanaume waliuona uso wasiujue, na wanawake wakaujua bila kuuona. Na katika senema ile, wakasema, akishapotea tu gizani, unaonyeshwa msichana amelala, shingo inavuja damu.

Bi Tima alikuwa wa kwanza. Bintiye alikuwa amebakisha juzuu mbili ahitimu. Alipanda ngazi asubuhi, hakuketi, akaanza kukunja mkeka wa mtoto huku mtoto amekaa juu yake. "Bi Tima, kuna nini?" Mwalimu akamuuliza. "Hakuna kitu. Babake ataka apumzike." "Apumzike na nini? Mtoto amebakisha kidogo." Bi Tima akakataa kumtazama usoni. "Mwalimu, mimi nakuyua. Lakini watu wasema. Na lisemwalo lipo." "Yapi yalopo? Sema, niko hapa." "Kwamba walikupa ndoo za damu," Bi Tima akasema, "na kwamba wewe ulikubali kuwa mke wao wa mumiani, ndiyo maana wakakuonyesha." Na huyu alimjua Mwalimu tangu utotoni, na kidole kilichotiwa kwenye ile ndoo kilikuwa cha bintiye mwenyewe! Nikapiga kelele, "Muulize mtoto! Ilikuwa sukari! Muulize!" Mtoto akafungua mdomo, mamake akamfinya. Wakashuka. Wiki ile wakaja wengine, kila mmoja na udhuru wake, huyu mtoto ana homa, huyu tunahamia shamba, huyu amekua. Hakuna aliyerudia neno la Bi Tima, wala hakuna aliyehitaji. Mwisho tukabaki na msichana mmoja, na Mwalimu akamfundisha peke yake kwa sauti ile ile ya kufundishia msana mzima, mpaka naye akakoma kuja.

Hapo akajitia buibui akaenda kwa Bwana Shee, nami nikafuatana naye; ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga ndia tangu nipelekwe kwake. Bwana Shee alikuwa ukumbini kwake anakula tende. Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwambia aende msikitini siku ya Ijumaa aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyewatia Wazungu nyumbani mwake, bila idhini yake, naye yuko edani. Hilo tu. Jina lake lisafishwe na yule aliyelichafua. Bwana Shee akatema kokwa. "Mimi niliwapa tini," akasema. "Nani alikwambia ufunue uso?" "Niliufunua kwa mwanamke," Mwalimu akasema. "Nilikaribisha mgeni nyumbani mwangu. Wewe ndiwe uliyemuuzia mgeni mwenyeji." "Yamekwisha, shemegi. Watu watasahau." "Watu hawatasahau," Mwalimu akasema, "kwa kuwa wewe hutasema." Na kweli hakusema. Ijumaa ikaja, ikapita, na nyingine, na yeye yuko safu ya mbele ameinamisha kichwa, mcha Mungu!

Akahamia Mbwajumali kwa shangazi yake, ambako senema hakuna na watu wana mashamba ya kushughulikia. Alikunja mikeka yote, akaifunga kwa kamba, kisha akaifungua tena akaiacha. "Mikeka ya nini?" akasema. Akanipa marufaa yake, ninayo mpaka leo. Nyumba akawaachia walioitaka, na kila aliyeishika aliiuza kwa mwingine mpaka ikafika ilipofika. Kule alilima mtama, akafundisha watoto wa majirani wawili watatu nje ya nyumba, na kila nilipomzuru tulikaa tukala, tukamsema Firauni, na jambo lile hakulitaja. Nilipokuwa mtu mzima nikathubutu kumuuliza mara moja, je, amemsamehe yule Mama Picha? Akafikiri sana. "Huyo nitaulizwa habari zake kwa Mola," akasema. "Bi Tima ndiye aniumaye." Na mimi nilifungua chuo hapa Amu nikiwa na nywele nyeusi, nikafundisha mpaka mabinti wa mabinti, na mjukuu wa Bi Tima nilimfundisha. Nilimfundisha vizuri. Lakini bibi yake alipokuja kunishukuru sikuinuka kumpokea, na mpaka leo sijutii.

Sasa kuna kitu Kelvin alinionyesha jana kabla hajaondoka. Alitoa simu, akaniwekea ule mkanda wenyewe, sehemu yake, na Mwalimu akatembea. Subhanallah. Akatoka gizani na bafuta lake, mwanga ukampiga, akafumba macho nusu, na nyuma yake zidaka na sahani, na mpaka kivuli cha sinia nililobeba mimi kilikuwa pale chini pembeni. Na hapo ndipo hasira zangu zilipokosa pa kukaa, kwa kuwa picha ile ni nzuri. Nimeishi miaka yote hii nikidhani walimpiga vibaya, kumbe walimpiga vizuri, wezi wale, waliona nilichokuwa nikikiona mimi. Midomo ikacheza. Juu yake wametia muziki wa kutisha. "Hapo," Kelvin akasema, ameinama, macho yanang'aa. "Hapo ndipo watu wanagombana. Wengine wanasema ni laana. Kuna mtu ameandika kurasa na kurasa kwamba ni jina la jini. Wewe unaona anasema nini?" Sikuhitaji sauti. Nilikuwa nimesimama pale pale na sinia mikononi.

Nikamuuliza kwanza, hao wanyonya damu wa hadithi za Wazungu huingiaje nyumba za watu? Kelvin akafurahi kuulizwa. Akasema kwao ni sharti: mnyonya damu hata akiwa na nguvu vipi hawezi kuvuka kizingiti mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa mdomo wake. Akishakaribishwa tu, basi, nyumba yake. "Na mle ndani ya mkanda," nikamuuliza, "nani aliyekaribishwa?" Akatazama simu, akanitazama. "Sijakuelewa, Bi Esha. Mnyonya damu si ndiye huyo Bibi?" Nikamwambia haya, nenda, kesho utarudi.

Leo baada ya laasiri nikasikia viatu vyake kwenye ndia. Nilikuwa nimeketi nyuma ya mlango, picha mapajani, nimekwisha amua tangu alfajiri. "Hodi, Bi Esha!" Mlango sikuutia komeo, angeusukuma tu ungefunguka. Nikamtazama Mwalimu. "Hodi! Bi Esha, upo? Kama hukumbuki jina si neno, lakini ile picha ni yangu, naomba unirudishie." Yake! Sikiliza maneno hayo. Mwanamke alinyang'anywa uso, akanyang'anywa nyumba, akanyang'anywa watoto wasiokuwa hata wa tumbo lake, na sasa uso ni wa Kelvin, na jina waende nalo kulipigilia mlangoni pa hoteli, juu ya kizingiti kile kile alichosimama kukaribisha watu. Akabisha ya tatu, pole pole, karibu kama anayejua. Sikumuitikia. Nikamsikia amesimama, akahema, kisha viatu vikarudi vilikotoka.

Nikainuka nikaingia chumba cha ndani, nikafungua sanduku la nguo zangu. Nikamwambia, "Karibu, Mwalimu. Karibu ndani." Nikamtazama mpaka nikaikumbuka ile pua, kisha nikachukua leso, nikaufunika ule uso mara ya pili.